Mara Nne Sijambo

Salamu ile niliiandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu humu ndani nitawalaumu watu watatu, na lawama yangu kwao haijapoa, lakini karatasi ya kwanza kabisa ina mwandiko wangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya kemia, nikarudi Unguja na kukuta hakuna maabara inayonihitaji. Kazi niliyoipata ilikuwa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao zinazolia kila unapokanyaga. Chumba kimoja kilikatwa kati kwa ubao, upande huu simu na mafaili, upande wa pili kitanda cha kupimia wagonjwa. Tulikuwa kituo kimoja kidogo kati ya vituo vya nchi nyingi vilivyokuwa vinajaribu dawa mpya ya kipandauso. Kidonge chepesi, kinayeyuka chini ya ulimi, cha kutumia pale maumivu yanapoanza.

Kipandauso si kichwa cha jua wala cha njaa. Ni upande mmoja wa kichwa kugonga kama mtu anatwanga humo ndani, mwanga kukuchoma, na harufu ya samaki anayekaangwa nyumba ya tatu kukutapisha. Nayajua haya kwa sababu mama yangu anacho tangu kabla sijazaliwa. Vidonge vya dukani havimfanyi kitu. Dawa nyingine, ya nguvu, aliwahi kuandikiwa hospitali, kisha akapimwa moyo na daktari akamkataza asiiguse tena, maana inabana mishipa ya damu. Hii mpya ilisemekana haibani. Kwa hiyo wakati wenzangu ofisini walikuwa wanafanya kazi, mimi nilikuwa natafuta dawa ya mama.

Utotoni sikuhitaji kumuuliza anaumwa kiasi gani. Mama hujikaza kichwa kwa kanga iliyokunjwa nyembamba. Fundo likiwa kisogoni, tunacheza ukumbini kwa sauti ya chini. Likiwa juu ya sikio, tunatoka nje. Likiwa mbele, katikati ya paji la uso, amelikaza mpaka kucha zinamuuma, basi hata kijiko hakigongwi kwenye kikombe. Kwa mdomo hakuwahi kutwambia. Ukimuuliza anasema hajambo.

Daktari aliyekisimamia kituo chetu aliniambia aliniajiri kwa sababu kwenye usaili nilimuuliza ni nani atakayemkagua yeye. Alicheka sana. "Wewe utanisumbua," akasema, "na ndivyo ninavyotaka." Nilimwamini mtu yule kuliko nilivyowaamini walimu wangu wote.

Kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kuyaweka maswali kwa Kiswahili. Mgonjwa akianza kuumwa anafungua pakiti, anaweka kidonge chini ya ulimi, anatuma ujumbe, na baada ya muda wa saa mbili tunampigia simu. Hiyo "saa mbili" yenyewe ilikuwa kesi. Mgonjwa wetu wa kwanza aliugua adhuhuri, akakataa mchana kutwa kuongea na sisi, kwa sababu alisoma karatasi na kuelewa kwamba simu ni saa mbili ya usiku, baada ya sala ya isha. Nililigundua kosa mimi, nikalirekebisha, nikapigiwa makofi. Labda makofi yale ndiyo yaliyonipumbaza.

Maana swali lenyewe lilikuja limeandikwa kikavu: maumivu yako sasa yakoje, sifuri, moja, mbili au tatu? Sifuri hakuna, moja kidogo, mbili wastani, tatu makali. Nikasema hapana. Utampigiaje mtu mzima simu umuulize kichwa kabla hujamwamkia? Nani aliyekulea? Basi nikaandika juu yake: Shikamoo. U hali gani? Pole na kipandauso. Halafu ndiyo swali. Daktari akasifu, akasema hiki ndicho ambacho wageni hawakijui.

Mama akaingia kwenye jaribio. Kwa kuwa ni mama yangu, nilitia saini kwamba sitampigia, sitaligusa faili lake, wala sitamuuliza majibu. Wa kumpigia alikuwa mwenzangu wa meza, rafiki yangu tangu chuo, tuliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu na kuvaliana viatu. Kama kuna mtu ningemkabidhi mama yangu, ni yeye.

Mama alielezwa kila kitu akiwa amekaa kwenye kile kitanda cha kupimia, mkoba mapajani. Pakiti nne, kwa maumivu ya mara nne. Baadhi zina dawa, baadhi ni vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hakuna anayejua ipi ni ipi, hata daktari.

"Yaani wa kweli na wa uongo wote wamevaa kanzu moja," mama akasema. "Kama wachumba."

Rafiki yangu alicheka mpaka akashika ubao.

Pakiti ya kwanza haikufanya kitu. Sikuuliza, niliona fundo. Ya pili aliifungua asubuhi moja, mimi najitayarisha kwenda kazini. Nilikuwa nimeshavaa kofia ya skuta niliposikia mbao za dirisha lake zinafunguliwa. Mama kusimama mwenyewe kufungua dirisha kabla ya magharibi siku ya kipandauso, hilo sikuwahi kuliona maishani. Nilimkuta kasimama kwenye mwanga, kanga ipo begani, anatazama jirani yake anavyoanika nguo.

"Kichwa kimefunguka," akasema. Si kimepoa, wala si afadhali. Kimefunguka, kama mlango. Akaenda jikoni akavuta mbuzi akaanza kukuna nazi, na kukuna nazi kwa mtu aliyekuwa na kichwa kile ni kama kupanda mnazi wenyewe.

Pakiti tupu zilitakiwa zirudishwe ofisini. Aliirudisha, ila kabla ya hapo alibandua kikaratasi chake chenye namba 2 akakibandika mlangoni mwa kabati lake la nguo, karibu na kioo. Nikajifanya sijakiona.

Ya tatu ilikuwa Ijumaa, mimi nipo nyumbani. Kwetu Mbweni siku hiyo palikuwa na upepo na kila kitu kinagongagonga. Fundo lilikuwa mbele. Saa mbili baada ya kidonge simu ikalia, naye akaiweka sauti ya nje kwa sababu kuigusisha sikioni kunamuuma. Nilikuwa mlangoni na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. U hali gani mama?"

"Sijambo, alhamdulillah. Kazi zinakwendaje?"

"Tunashukuru. Pole na kipandauso."

"Nshapoa, mwanangu. Nisalimie nyumbani."

"Zimefika, mama. Ahsante."

Huku anasema "nisalimie nyumbani" mkono wake mwingine ulikuwa unaniita na ndoo. Simu haijazimika vizuri, akatapika.

Nilisimama pale nikisubiri ilie tena. Nilikuwa na hakika italia. Swali halijaulizwa. Sifuri, moja, mbili, tatu, hakuna hata namba moja iliyotajwa. Nikasema moyoni rafiki yangu ataona aibu kidogo, atavuta pumzi, atapiga tena. Ikapita nusu saa. Nikasema basi ataandika "hakujibu". Nilikuwa nimetia saini nisiulize, nikanyamaza, na nikapanda skuta siku ya pili nikaenda kukaa naye meza moja tukala naye urojo bakuli moja.

Ya nne ilikwenda kama ya tatu.

Siku ya kuzipiga picha fomu za majibu, rafiki yangu alikuwa na mafua, akaniomba nimpangie lundo lake kwa namba. Namba ya mama kwenye jaribio nilikuwa naijua, ilikuwa kwenye kila pakiti iliyoingia nyumbani kwetu. Sikuitafuta, ilikuja yenyewe mkononi. Mistari minne. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikafungua ya mgonjwa mwengine. Sifuri nne. Mwengine. Kati ya wazee wote aliowapigia, kulikuwa na namba nyingine chache za kuokoteza, basi. Halafu nikachukua na lundo langu mwenyewe nikalitazama kwa jicho lile lile. Langu lilikuwa bora kidogo tu. Mimi nilikuwa nauliza swali, lakini nalo lilikuja baada ya sijambo, na nani atasema sijambo kisha aseme makali?

Nilimfuata kwenye ngazi.

"Mama alikuwa anatapika," nikamwambia. "Umeandika sifuri."

"Kasema hajambo."

"Hiyo ni salamu!"

"Nani kaiandika?" Akapangusa pua. "Mtu mzima kashanambia hajambo, kashamshukuru Mungu, mimi nimwambie 'haya sasa sema ukweli, moja au tatu'? Nimtoe mama yako uongo? Nimbane kama polisi?"

"Ndiyo. Ndiyo kazi yenyewe."

"Wewe umekuwa mzungu, shoga yangu. Chuo kimekuharibu."

"Tulisoma chuo kimoja."

"Basi mie hakikunikolea."

Tulicheka, na hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka. Nilidhani tumeelewana. Nikaenda kwa daktari, nikamweleza lote, nikianzia na kosa langu mimi, na nikaliandika kwa barua kama alivyonifundisha. Nilipendekeza tuitoe salamu, au tuipeleke mwisho, na wagonjwa tuwape njia nyingine ya kujibu, kwa vidole, kwa alama, hata kwa fundo la kanga. Hilo la fundo alilitabasamia. Akaikunja barua. Akasema nimefanya jambo la kijasiri na mkaguzi kutoka Dar ataitwa.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kila wiki daktari alitakiwa akae pembeni yetu asikilize simu kadhaa, kisha atie saini kwamba amesikia maswali yanaulizwa kama yalivyoandikwa. Saini zilikuwepo zote. Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona ameketi pembeni yetu.

Mkaguzi alikuja, mwanamke mpole mwenye kompyuta mpakato, akaomba kuzungumza na wagonjwa wachache waliokubali. Wa kwanza mama. Nilifurahi. Nilikuwa na shahidi ambaye hakuna atakayembishia, mwenye kichwa chenyewe.

Tulifika naye Mbweni asubuhi. Mama alikuwa ameketi ukumbini, madirisha yote wazi, jua limeingia mpaka kwenye zulia. Amevaa baibui jipya. Kanga haipo kichwani. Lakini kwenye paji la uso, katikati, palikuwa na alama nyekundu iliyobonyea, mviringo, ukubwa wa shilingi. Alilifungua fundo pale alipotusikia langoni. Alikuwa anaumwa wakati ule ule tuliokuja kumuuliza kama anaumwa.

Mezani palikuwa na juisi ya ukwaju na sahani ya visheti. Mkaguzi akakitafuna kimoja, akasifu hiliki. Nami nikavitazama visheti vile. Mama hatii hiliki kwenye kitu chochote, miaka na miaka, kwa sababu harufu yake humwanzishia kichwa. Visheti vile havikupikwa nyumbani kwetu.

"Mama," mkaguzi akasema, "nataka kukuuliza kuhusu zile simu. Kidonge cha tatu, kwa mfano. Baada ya saa mbili ulikuwa unaendeleaje?"

"Nilikuwa sijambo."

"Maumivu yalikuwa yamekwisha kabisa?"

"Alhamdulillah."

"Mwanao anasema ulikuwa unatapika."

Mama akanitazama. Jua lilikuwa linampiga machoni na hakupepesa. "Mwanangu ananipenda," akasema. "Kila nikikohoa yeye anaona nakufa. Yule binti wa kwenye simu ni mtoto mwema, kaniuliza yote, nami nimemjibu."

Mkaguzi akaandika. Nilitaka kusema tazama paji lake la uso. Ningesemaje? Ningemshika mama yangu kichwa nimwonyeshe mgeni, nimtoe uongo mbele ya sahani ya visheti? Rafiki yangu aliniuliza swali lile lile kwenye ngazi nikamjibu haraka sana.

Mgeni alipoondoka nilifunga madirisha. Mama akaanza kujifunga kanga.

"Nani kaleta visheti?"

"Rafiki yako. Kaja jana, yeye na daktari wenu. Watu wastaarabu, wamevua viatu nje kabisa."

"Wamesema nini?"

"Wamesema umepeleka barua kuwa mimi nimesema uongo."

"Sikuandika hivyo, mama."

"Wamesema ikithibitika, wa mwanzo kufukuzwa ni wewe, maana salamu umeiandika wewe. Na dawa itachukuliwa, isirudi tena." Akakaza fundo, mbele. "Sasa ulitaka niseme nini? Nikutie mashakani mwanangu, niikose na dawa?"

"Umenifanya muongo, mama. Mbele ya mtu."

"Nimesema unanipenda."



Daktari aliniita wiki iliyofuata, akaniambia barua yangu imefanyiwa kazi na mama yangu mwenyewe amethibitisha kwamba hakuna tatizo. Alisema "mama yako mwenyewe" mara mbili. Nilimkumbusha usaili, swali langu la nani atamkagua. Akasema, bila hasira, "Nimekaguliwa." Nikahamishiwa kwenye kupanga mafaili. Rafiki yangu akaanza kula chakula chake upande wa pili wa ubao. Siku moja tulipishana ngazini akanambia, "Nimekulindia kazi, na hujanishukuru," na alikuwa anamaanisha. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeweza kuishi na mtu aliyenisaliti akijua.

Haukupita muda mrefu ikaja barua kutoka kwa wenye jaribio, ya kukifunga kituo. Haikumtuhumu mtu. Ilisema tu kwamba katika majibu ya Unguja, vidonge vyenye dawa na vidonge vitupu vimelingana, na kwa hiyo majibu yetu hayatoweza kutumika. Daktari aliisoma kwa sauti, akavua miwani. Nadhani hakuwa amelifikiria. Wote walidhani sifuri nyingi ni kuisaidia dawa, kumbe na vidonge vitupu vilipewa sifuri zile zile. Mimi niliyesoma, mimi mwenye maswali, hata kwenye barua yangu sikuliandika hilo waziwazi, nilishughulika na ukweli wa mama kuliko kazi ya namba.

Vituo vyengine vinaendelea. Labda dawa itafaulu kwingine, labda haitafaulu, sijui, na siku hizi anayeniambia anajua namuuliza amejuaje. Lakini huku kwetu haitokuja karibuni, na atakayeuliza kama inawafaa watu wa hapa ataambiwa ilijaribiwa na haikuonyesha kitu.

Mama aliuliza jioni tunachambua mchele. "Ile ya namba mbili wataileta lini?"

Ningeweza kumwambia inshallah. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, jepesi, lina adabu zake zote, na nilijua atalipokea na atatulia. Nililitema.

"Mama, mizani ya muuza samaki ikisoma namba ile ile, kaweka samaki au hakuweka kitu, utanunua?"

"Nitaitupa."

"Pakiti ya pili ilikufungua kichwa. Tatu nyingine hazikukufungua. Ukasema sijambo zote nne. Wao wamesoma wakaona zote sawa, na wameitupa mizani."

Alisogeza chuya pembeni kwa kidole, moja moja.

"Kwa hiyo ningesema naumwa..."

"Ile ya pili ingeonekana."

"Na yule binti alijua naumwa?"

"Alijua."

"Na daktari?"

"Hakutaka kujua."

"Na wewe ulijua," akasema. Halafu, kama anayejitetea mbele ya mtu ambaye hayupo: "Lakini kaniamkia vizuri, mwanangu. Ningemjibu nini?"

Salamu niliiandika mimi.

Baada ya hapo hatukulitaja tena. Siku moja nimerudi mchana nikakuta dirisha limefungwa, nyumba kimya. Nilivua viatu nikasimama mlangoni mwa chumba chake. Sikumwamkia. Nilikuwa nimeacha kumwamkia siku za kichwa, naingia tu, naweka ndoo. Alikuwa ameugeukia ukuta, na kile kikaratasi cha namba 2 kipo bado kwenye kabati, kimeanza kujikunja pembe.

Alisikia nyayo zangu. Hakugeuka.

"Tatu," akasema.

Mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kalamu kabla sijakumbuka kwamba fomu zimeshakusanywa zote. Nikaenda kumletea ndoo.